Chale za Mkono wa Tabu

Peramiho, 6 Machi 1905

Kwa Mama Mwalimu Walburga, Lindi.

Shikamoo Mama. Tumsifu Yesu Kristo.

Nimefika nyumbani mzima. Safari ilichukua siku ishirini na sita. Cherehani ilikuja vichwani mwa wapagazi wawili kwa zamu, ikaanguka mara moja tu, tena mchangani. Mpini umepinda kidogo lakini unazunguka.

Padre amesema wasichana tisa wanataka kujifunza kushona. Hataniweka kuwafundisha mpaka wewe uandike kwamba ninaweza. Nimemweleza sharti lako: vielelezo kumi na viwili vya kudarizi kwa cherehani, kila kimoja kwenye kitambaa cha upana wa kiganja, na mchoro uwe wangu mwenyewe. Akauliza kwa nini kumi na viwili. Nimemwambia sikukuuliza.

Pale barazani kwako mwenzangu Notburga alikuwa akinizungushia mpini. Hapa mikono yangu miwili inashika pete ya mbao na kusogeza kitambaa, kwa hiyo lazima awepo mtu wa kuzungusha. Nyumbani wamenipa Tabu. Siku za kwanza alizungusha kama anatwanga, sindano mbili zikavunjika. Sasa amejua. Nikisema "kona" anasimama kabla sijamaliza neno.

Kielelezo cha kwanza kimo humu. Ni majani ya mzabibu. Nimeyatoa kwenye vazi la misa.

Mwanafunzi wako,
Kunegunda binti Komba


Lindi, 11 Aprili 1905

Kunegunda,

Milele amina. Marahaba.

Nimekipokea kielelezo. Upande wa juu ni safi. Upande wa nyuma uzi umejikusanya kama kiota, maana yake uzi wa juu umelegea. Ukaze nusu mzunguko, usizidishe. Tena inaonekana meno ya cherehani bado yanavuta kitambaa. Yafunike kwa kibati kama nilivyokuonyesha, kitambaa kikufuate wewe.

Kuhusu mchoro: mimi sijawahi kuuona mzabibu, na wewe hujawahi. Umenakili kazi ya mtu aliyenakili kwa mtu mwingine. Sitakihesabu. Tazama vitu vilivyo mbele ya macho yako, kisha chora.

Na neno dogo. Huyo Tabu ana umri gani? Umemtaja bila neno la heshima.

Mume wangu Leo anakusalimu. Amepata kazi ya kutengeneza milango ya ghala la forodha.

Walburga


Peramiho, 2 Juni 1905

Kwa Mama Mwalimu Walburga.

Shikamoo Mama. Tumsifu Yesu Kristo.

Nimekaza uzi na nimefunika meno. Ulisema kweli.

Naleta vitatu, ukikubali nianze kuhesabu upya. Cha kwanza nimekitoa kwenye ukingo wa mkeka. Cha pili ni hindi lililomenywa nusu. Nililiweka mezani likakauka kabla sijamaliza, kwa hiyo punje za chini si kama za juu. Cha tatu nimekitoa kwenye mkono wa Tabu. Ana chale kutoka kiwiko mpaka kifundo: mistari mitatu, na kila mstari umekatwa na vijistari vifupi vilivyolala upande mmoja, kama miiba ya samaki. Mstari wa katikati haufiki mwisho, unakatika vidole viwili kabla ya kifundo. Mkono ule unazunguka mbele yangu kutwa nzima, siku moja nikaona kwamba ni mchoro. Nilimwomba aukalishe mezani nikauchora kwa mkaa. Alisema, "Ukishachora utaufanyia nini?" Nikamwambia utakwenda Lindi. Akacheka.

Ana umri wa miaka thelathini na mitano hivi. Kumwita kwa jina ni mazoea ya nyumbani tu.

Kunegunda


Lindi, 9 Julai 1905

Kunegunda,

Mkeka umepita. Hindi limepita. Cha tatu sijakirudisha na sitakirudisha.

Naandika jambo ambalo hamkulijua ninyi wanafunzi wangu, kwa sababu halikuwa somo. Mimi sikuzaliwa pwani. Nilitolewa kwenye msafara wa watumwa, masista wakanilea Dar es Salaam, wakanibatiza, wakanifundisha sindano. Walinikadiria miaka sita. Jina nililokuja nalo hakuna aliyeliandika, nami nimelisahau. Ninavyokumbuka ni vitu vitatu. Mto uliokuwa na mchanga mwingi kuliko maji. Watu wakisema "kwa Che Mkwinda". Na mkono wa mama yangu, kwa sababu nilikuwa nikilala juu yake. Ulikuwa na mistari mitatu, na wa katikati haukufika mwisho. Nilikuwa nikipitisha kidole pale unapokatika.

Muulize huyo mama ametoka wapi. Muulize kama anamjua Che Mkwinda. Muulize taratibu, usimtishe. Andika anachosema kama anavyokisema.

Usiharakishe vielelezo vingine kwa sababu ya hili.

Walburga


Peramiho, 20 Agosti 1905

Kwa Mama Mwalimu Walburga.

Shikamoo Mama. Tumsifu Yesu Kristo.

Nimemuuliza. Ametoka kijiji cha Che Mkwinda, karibu na mto Muhuwesi, upande wa Tunduru. Ni Myao. Che Mkwinda alikuwa baba yake. Chale zile walikatwa mabinti wa nyumba ile tu, na aliyekata alikuwa bibi yao mzaa baba. Mstari wa katikati ulikatika kwa sababu ndivyo bibi alivyotaka, hakuna aliyemuuliza.

Mabinti walikuwa wawili. Mkubwa alikuwa na mtoto wa kike. Kwa hiyo, Mama, kama hesabu hii ni sawa, Tabu ni mama yako mdogo.

Mama yako alifariki zamani. Alikuwa safarini, akapatwa na homa, hakuteseka. Wewe ulipotea katika vurugu za njiani. Tabu alifika kwetu wakati wa njaa, babu yangu akampokea, akakaa nasi mpaka leo kama mtu wa nyumbani. Babu alifariki mwaka niliobatizwa.

Naleta kielelezo cha nne. Ni ufa wa ukuta wa kanisa.

Huku kuna maneno mengi. Wamepita watu kutoka upande wa mashariki wenye dawa ya maji, wanasema risasi za Wajerumani zitageuka matone. Baba yangu amekwenda kuwasikiliza. Padre ametukataza kutoka usiku.

Kunegunda


Lindi, 15 Oktoba 1905

Kunegunda,

Sijui kama barua hii itafika. Matarishi hawapiti Tunduru. Naituma kwa meli na kwa njia ya ziwani, ielekezwe boma la Songea. Tumesikia kwamba misheni ya Peramiho imechomwa. Hakuna anayejua nani yuko hai.

Kama uko hai, soma yanayofuata kwa mama yangu mdogo.

Mwambie nipo, nina mume, sina mtoto. Mwambie niliposoma barua yako nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi mpaka mume wangu Leo akaja kuniuliza kama naumwa. Mwambie nataka kujua mama yangu alikuwa akiniita nani. Hilo tu.

Na babu yako aliyempokea wakati wa njaa. Nimefikiri sana habari zake. Mtu asiye na deni lolote kwa binti wa watu, akamfungulia mlango. Nimewasha mshumaa kwa ajili yake Jumapili tatu mfululizo, na nimeomba misa moja kwa nia yake. Waambie watu wa nyumbani kwenu kwamba yupo mtu Lindi anayemwombea.

Kielelezo cha nne kimepita. Ufa umeuchora vizuri.

Walburga


Songea, 14 Mei 1906

Kwa Mama Mwalimu Walburga.

Shikamoo Mama.

Tuko hai, mimi na Tabu. Barua yako ya Oktoba ilikaa bomani hadi wiki iliyopita. Nitaandika yote kwa mpangilio, kisha utaamua kama utanijibu.

Mwezi wa Septemba, baba alikuja jikoni akaniambia, "Nyumba ya mapadre itachomwa. Kama una kitu chako kule, kitoe leo." Mimi na Tabu tulikwenda tukaibeba cherehani mpaka nyumbani kwetu Maposeni, tukaifunga kwa ngozi ya mbuzi, tukaizika chini ya ghala la mahindi. Kesho yake misheni iliungua. Sikumwambia Padre, na baba hakuniuliza tulichotoa. Ndivyo nilivyoishi wiki zile.

Askari walifika kwetu mwezi wa Desemba. Walichoma ghala na nyumba. Baba walimkuta porini baada ya siku nne. Wanawake tulikusanywa uwanjani, tukaambiwa tutagawiwa kwa askari. Askari mmoja alikuwa Myao. Alipaza sauti kwa lugha yake, mimi sikuelewa. Tabu akajibu. Wakazungumza kidogo, Tabu akanishika mkono akanitoa kwenye mstari. Shangazi yangu Adela alibaki kwenye mstari. Hatujamwona tena.

Baadaye njiani nilimuuliza, "Askari alisema nini?"

Akasema, "Aliuliza nani kati yetu alitekwa na Wangoni, ajitokeze, ataachiwa."

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia mimi. Na huyu ni mdogo wangu, tulitekwa pamoja."

Hivyo ndivyo nilivyopona. Tulipelekwa Songea kuchota maji ya boma. Mwezi wa Februari waliwanyonga watu wengi, na baba yangu alikuwa mmoja wao. Nilikuwa na ndoo kichwani nilipopita. Sikusimama.

Sasa barua yako. Nilimsomea Tabu nje ya kibanda tunacholala. Nilipofika kwenye babu na mshumaa nilitaka kuruka mistari ile, lakini nilikuwa nimekwisha kutamka neno la kwanza.

Akasema, "Amemwombea?"

"Ndiyo."

"Jumapili tatu?"

"Ndiyo. Na misa."

Akasema, "Mwandikie. Leo hii."

Mama, nilikudanganya. Hakukuwa na njaa, wala babu hakumfungulia mtu mlango. Babu yangu alikwenda Muhuwesi na watu wenye mikuki na ngao, wakachoma kijiji cha Che Mkwinda wakati wa kuvuna. Mabinti wote wawili walichukuliwa, na wewe ulikuwa mgongoni mwa mama yako. Siku ya nne mama yako alishindwa kutembea. Babu alisema aachwe. Aliachwa hai, chini ya mti, bila maji. Wewe uliuzwa kesho yake kwa watu wa msafara. Tabu aliletwa nyumbani akawa wa babu, kisha wa baba. Alikuwa analima, anatwanga, na nilipozaliwa alipewa kazi ya kunibeba. Jina la Tabu alipewa na bibi yangu. Haya niliyajua tangu utotoni. Kwetu hayakuwa siri, yalikuwa hadithi ya kusimuliwa jioni, babu akiisimulia vizuri na watu wakicheka.

Nilikuficha kwa sababu nilitaka vielelezo vyangu vipite. Baadaye nilikuficha kwa sababu nilikuwa nimekwisha kukuficha.

Kuhusu jina lako, nimemuuliza. Anasema hawezi kulitia kwenye karatasi nitakayoiandika mimi.

Njaa ni kali. Watu wanachimba mizizi. Tabu amekonda, ila anatembea. Ukimtaka aje, nitatafuta njia.

Kunegunda


Lindi, 30 Juni 1906

Kunegunda,

Barua yako imefika. Leo ni siku ya tano tangu niisome. Leo ndiyo nimeweza kushika kalamu.

Mlete. Makarius, mnyapara wa wapagazi wa nta, atapita Songea mwezi wa Agosti na mkewe Lidwina. Ni watu wa mume wangu Leo, wanaaminika. Nimetuma shuka mbili, viatu vya ngozi, na barua ya boma ili asizuiwe njiani. Asitembee zaidi ya saa nne kwa siku. Akichoka, wabebaji wamekwisha kuambiwa.

Usije naye.

Kielelezo cha tatu nimekihesabu. Kazi yake ni nzuri kuliko nyingine zote ulizoleta. Nilitaka kuandika kwamba ni mbaya, nikakitazama tena, nikashindwa kuandika uongo. Hadi sasa vimepita vinne.

Mengine sina.

Walburga


Songea, 3 Septemba 1906

Kwa Mama Mwalimu Walburga.

Shikamoo Mama.

Ameondoka tarehe 27 Agosti. Naandika ili ujue ameondoka vipi.

Makarius alipofika, Tabu alikataa. Alisema, "Nikienda huko nitakuwa mgeni wa mtu mkubwa. Hapa angalau najua kisima kiko wapi." Mke wa Makarius alimsihi. Mimi nilinyamaza, kwa sababu sikujua neno langu lingekuwa na uzito gani, au kama lilistahili kuwa nao. Mwishowe akaniuliza mwenyewe.

"Wewe unasemaje?"

"Nenda."

"Unanifukuza?"

"Hapana. Hapa ukifa nitakuzika mimi. Sitaki uzikwe na mtu wa nyumba yetu."

Akaingia ndani kufunga mzigo. Ulikuwa mdogo, sufuria na kisu na shuka zako mbili.

Ulisema nisije, nami sikuja. Nilimsindikiza siku mbili tu. Siku ya kwanza hatukuzungumza. Siku ya pili alinieleza jinsi ya kuhifadhi mbegu za mtama zisiliwe na wadudu, kwa kirefu, kana kwamba nina shamba. Tulipofika kijito cha tatu Makarius alisema hapo ndipo pa kurudia. Tabu alivuka. Sikuona kama aligeuka, kwa sababu mimi niligeuka kwanza.

Cherehani tuliifukua mwezi wa Juni. Kutu imekula kikapu cha uzi wa chini, nikaisugua kwa majivu na mafuta ya nyonyo. Inaruka mshono mmoja kila baada ya mishono kumi au zaidi. Nimefanya vielelezo vitatu hata hivyo, Tabu akizungusha: ghala lililoungua, mizizi ya kuliwa, na foleni ya wanawake wenye ndoo. Mahali uzi uliporuka nimepaacha. Vimo kwenye mzigo wake. Vitano vinavyobaki sitavileta. Sasa hakuna wa kuzungusha, na sidhani kwamba ninastahili kukuomba unihukumu tena. Mapadre wamerudi Peramiho, wanajenga. Nitaomba kazi ya kufua.

Kunegunda


Lindi, 2 Januari 1907

Kunegunda,

Anayesema hapa si Walburga. Walburga anashika kalamu tu, nimekaa karibu naye kwenye mkeka na namtazama aandike yote, ingawa kusoma sijui. Nitamwambia anisomee kila mstari. Akipunguza nitajua.

Nimefika. Tulitumia siku thelathini na nane. Nilibebwa siku sita, siku nyingine nilitembea. Tulipita Muhuwesi. Nilimwomba Makarius tusimame, akasimama. Kijiji hakipo. Kuna nyasi, na kuna mwembe ambao baba yangu alikuwa ameupanda ukiwa mche. Nilikaa kidogo, nikaondoka.

Hapa mlangoni mwanamke alitoka akiwa na futi ya kupimia shingoni. Makarius alitaka kutujulisha. Sikumngoja. Nilimwita kwa jina aliloitwa na dada yangu, akajibu kabla ya kujua kwamba anajibu. Jina hilo halimo humu. Ni la kwetu.

Ana macho ya baba. Anasema kwa ukali kama dada. Ananilisha mno.

Sasa sikiliza. Walipokuzaa wakanipa nikubebe, sikukupenda. Nilikuwa na mtoto wangu mwaka ule, wa baba yako, akafa wa siku tisa, na maziwa yake ukanywa wewe. Hilo hujawahi kuambiwa. Nilikubeba kwa sababu niliamriwa kukubeba. Mara moja, ukiwa hujajua kutembea, nilikuweka kando ya mto nikaondoka. Nilifika mbali. Nilirudi nikakukuta unakula mchanga. Sijui hadi leo kwa nini nilirudi. Kupenda kulikuja baadaye, kwenyewe, bila kuitwa.

Yule askari wa Kiyao alipouliza, nilikuwa na jibu la mtu mmoja mdomoni. Nikatoa la watu wawili. Usiniandikie kunishukuru. Babu yako simsamehe, wala baba yako. Wewe ulisema uongo ule ukiwa mtu mzima, kwa kalamu, kwa ajili ya vitambaa, ukinitumia mimi. Huo nao ninao moyoni. Lakini niliusikia ukweli wako uliposomwa hapa, Walburga amenisomea barua zako zote, na sikukuta mahali ulipojipunguzia.

Kufua usifue. Mpini wanaweza kuuzungusha wasichana wako kwa zamu, kila mmoja akizungusha ndipo ajue mwenzake anavyochoka. Waite kwa majina waliyokuja nayo.

Nimemwambia Walburga aandike neno la mwisho, amekataa. Amesema yeye hawezi kuliandika neno hilo kwenda kwenye nyumba ile. Nimemwambia nyumba ile imeungua, amebaki mtoto. Tumebishana tangu asubuhi, chai imepoa. Sasa ameshika kalamu tena. Neno lenyewe ni hili: mwanangu.

Abiti Mkwinda, yaani binti wa Mkwinda, uliyekuwa ukiniita Tabu.


Nimeandika kama alivyosema. Vielelezo vitatu vimepita, vinafanya saba. Nimemwandikia Padre kwamba saba vinatosha na kwamba unaweza kufundisha. Barua hiyo anayo tarishi huyu huyu.

W.